Rupia ya Mjerumani: jinsi Shangazi alivyomnyoa Kaiser sharubu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Leo siombi ushauri wa mapenzi. Nina kisa cha sarafu, na sijaongeza chumvi hata punje. Chumvi yote wameiweka shangazi zangu wawili.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha kidato cha pili, nikawa utingo wa malori Hedaru, nikachimba jasi Makanya, nikauza vitunguu. Kitu ambacho sijawahi kuacha ni kuulizauliza.

Sasa basi.

Baba yangu ana dada wawili. Mkubwa, Shangazi Nakundwa, yuko Suji, kule milimani. Mdogo, Shangazi Naomi, aliolewa Msangeni. Babu alipogawa vitu vyake, kila mmoja alipata rupia moja ya fedha, ya enzi za Mjerumani. Zilikuwa pacha: upande mmoja Kaiser, mfalme wao, na kofia yake ya chuma yenye ndege juu, upande wa pili maandishi, mwaka, na herufi ndogo ya kiwanda kilichoipiga.

Shangazi Nakundwa ni msafi wa kutisha. Kwenye sufuria zake unaweza kujitazama ukanyoa ndevu. Rupia nayo kila Krismasi huipiga jivu na limao, kisha anaiweka juu ya kabati wageni waione.

Shangazi Naomi, yeye... wacha niseme kwa heshima. Buibui wa nyumbani kwake wanazeeka kwa amani.

Mwaka huu magoti ya Shangazi Nakundwa yakaanza kugoma. Maji anachota chemchemi ya bondeni, na kurudi ni kupanda tu. Akataka tangi la kukinga maji ya mvua. Akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wewe unayejua kila mji na hujajenga hata mmoja, nitafutie mnunuzi wa hii."

Asubuhi ya safari akaisugua tena, ya kuagana nayo. "Kitu cha nyumba hii hakiteremki barabarani kikiwa kichafu," akasema. Rupia ikawaka kama kioo. Mimi nami, bila kujua, nikamsifu.

Hedaru nikaenda kwa Mzee Hemedi, mwenye duka la spea, ambaye hukusanya sarafu za kale, nikamweleza habari ya tangi. Akachukua lenzi. Akatazama. Akaisogeza kwenye mwanga. Kisha akauliza taratibu:

"Kijana, sharubu za huyu bwana ziko wapi?"

Nikachungulia. Kweli, wakuu! Kaiser ninayemjua kwenye picha ana sharubu zilizosimama kama pembe za ng'ombe. Huyu wetu alibaki na mdomo mtupu kama mtoto wa ubatizo.

"Shangazi huwa anaisafisha," nikasema.

"Hajaisafisha. Amemnyoa."

Hapo nikapata darasa ambalo shule haikunipa. Kumbe fedha yenyewe ina bei ya uzito, hiyo hata sonara atakulipa. Mkusanyaji analipia kingine kabisa. Anatazama uso: nywele, sharubu, manyoya ya yule ndege wa kwenye kofia, je, bado vinasomeka? Anatazama mwaka na herufi ya kiwanda, maana miaka mingine zilipigwa chache. Na ule weusi ambao fedha hujivika yenyewe anaupenda, kwa sababu unaonyesha hakuna aliyeichezea. Jivu linaacha mikwaruzo midogomidogo, na mkwaruzo ukishaingia hautoki.

"Mwaka huu na herufi hii ni adimu," Mzee Hemedi akasema kwa uchungu kabisa. "Ingekuwa na uso wake, shangazi yako angepata tangi na mabomba yake. Hivi ilivyo, bei yake hainunui hata mfuniko. Haina mwenzake?"

Nikamkumbuka Naomi.

Nikampigia kwanza Shangazi Nakundwa, nikamweleza.

"Ile ya Naomi? Ile si imeoza!"

"Ndiyo hiyo inayotakiwa, shangazi."

"Yaani huyo mzee ananunua uchafu?"

Msangeni nilimkuta Shangazi Naomi anachambua maharage. Akaitoa rupia kwenye droo ya cherehani, imefungwa kwenye kipande cha kanga tangu siku aliyopewa. Nyeusi kama kitako cha chungu. Mwaka uleule, herufi ileile. Na sharubu zipo, zote, hadi ncha!

Nikiwa bado natabasamu, akalowesha pindo la kanga kwa mate ili aifute.

Wakuu, niliruka nikatua kwenye maharage.

"Usiifute!"

"Makubwa! Maisha yangu yote mnanisema sisafishi. Leo nataka kusafisha, unanirukia?"

Nikamweleza yote, pamoja na magoti ya dada yake. Alicheka hadi machozi. Kisha akatulia.

"Mimi bomba liko mlangoni. Iuze, tangi lipelekwe Suji. Ila nina sharti."

Akapiga simu Suji, akaweka spika.

"Dada, sema uvivu wangu una faida."

Kule Suji ikasikika sufuria inasuguliwa kwa nguvu.

"Tangi linasubiri, dada."

"Una faida," ikasikika sauti ndogo. "Mara moja tu."

Mzee Hemedi alipoiona alikwenda kwanza kunawa mikono, akaishika kwa ukingo kama anayeshika yai. Bei ilitosha.

Wiki iliyopita nimepanda Suji. Tangi lipo na limejaa. Shangazi Nakundwa amelisugua hadi jina la kiwanda limefutika. Na rupia yake iko palepale juu ya kabati, inawaka. Nikamuuliza kwa nini bado anaitesa.

"Si mmesema haina bei? Basi sasa naisugua kwa raha zangu."

Nilichojifunza: sarafu ya kale usiipige jivu, limao wala dawa ya meno. Ishike kwa ukingo, soma mwaka na herufi, mtazame mwenye sura. Na ndugu yako mvivu usimkatie tamaa mapema.

Nani humu ana rupia ya babu kabatini? Tupia picha tuitazame pamoja. Ila kama inang'aa sana, pole mkuu.