Lori la Manda Lililonyweshwa Sifa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya sitini, niliinua boneti ya lori la serikali kisiwani Manda nikapigwa na harufu ya papa. Nilikuwa nimetoka karakana ya mafunzo Nairobi, ambako wenzangu waliniaga kwa kicheko: "Lamu hakuna barabara. Umepangiwa kutengeneza punda!" Hawakujua kwamba ng'ambo ya mji wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, kwenye uwanja wa ndege wa Manda, kulikuwa na lori kuukuu la enzi za vita lililobeba kifusi na kuvuta jiwe la kushindilia ardhi.

Nikachomeka hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini kutoka mbele. Haikusogea hata kidogo.

"Muulize huyo," alisema Fundi Mkuu, mtu wa bara kama mimi, akimnyooshea kidole mlinzi wa uwanja.

Mlinzi, Bwana Shee wa Pate, alikuwa amelelewa kwenye vyombo vya baharini. Lori liliposimama msimu mzima wa mvua bila dereva, alilihurumia. Akafungua plagi, akamimina sifa ndani ya kila silinda. Sifa ni mafuta ya papa ambayo watu wa Amu hupaka mbao za vyombo vyao zisiliwe na maji.

"Nti hini ina kutu, Bwana Fundi," aliniambia kwa lahaja ya kwao, akimaanisha nchi hii. "Chuma kisipopakwa hakikai."

Kweli, kutu haikuwemo. Lakini sifa ikikauka huwa ngumu kama gundi, na pistoni zote zilikuwa zimeshikwa humo.

Fundi Mkuu hakupandisha sauti. "Mhandisi wa Mkoa anakuja kwa ndege kukagua. Akikuta injini inafanya kazi, mzee atabaki. Akikuta chuma kilichokufa, nitaandika kwamba kimeuawa na mlinzi, na kazi hana tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bwana."

Bwana Shee alisikia yote. Alikaa juu ya pipa, kofia mkononi.

Nilifungua kichwa cha silinda, kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya pistoni. Nikaloweka kila kitu kwa mafuta ya taa, jinsi nilivyofundishwa. Asubuhi yake gundi ilikuwa ileile, imezidi kung'aa tu. Ndipo nilipoacha kufikiria injini, nikamuuliza mzee swali la chombo: sifa kuukuu mnaitoaje kwenye mbao?

Akainua uso. "Ndia ni moya. Moto."

"Moto wa namna gani?"

"Wa makuti. Unaupitisha mbio, husimami. Ukisimama, umeunguza chombo."

Nilipangusa mafuta ya taa, nikakausha petroli yote, nikaondoa tangi na kabureta, nikamwaga oili, nikaviweka vyote mbali. Bwana Shee akafunga makuti, akayawasha, akaupitisha ule mwenge ubavuni mwa injini, kwenda na kurudi, kama anayepapasa mgongo wa mnyama. Mimi nilisimama na ndoo ya mchanga, tayari kuzima. Sifa ikaanza kutoa povu, kisha ikalainika na kuteremka kama asali. Mwenge ulipozimwa na chuma kupoa, nikamwagia silinda mafuta ya taa, nikashika hendeli. Ikasogea robo mzunguko. Tukapiga kelele hadi kunguru wakaruka.

Ilibaki gasketi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya kichwa na injini. Ya zamani ilichanika nilipofungua kichwa, na ya kuagiza ingechukua miezi. Nilivuka hadi Amu kwa mfua shaba anayetengeneza sinia, nikamwomba anikatie bamba la shaba kwa kipimo cha ile ya zamani. Alicheka: "Sinia lenye matundu! Wenye kula wali watapata nini?" Hata hivyo alilikata vizuri, akalipasha moto hadi likalainika.

Mhandisi alishuka kwenye ndege tukiwa bado tunakaza nati. Nikachomeka hendeli. Mara ya kwanza ikanirudi, nusura inivunje kidole. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, ikatoa wingu jeupe lililomfikia Mhandisi.

"Mnachoma papa?" aliuliza, ameziba pua.

"Tunamfufua, Bwana," alijibu Fundi Mkuu. Sikuwahi kumsikia akitania tena.

Lori likalivuta lile jiwe toka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, Bwana Shee akilifuata kwa mguu, akiligonga ubavuni na kulisifu. Jina lake halikuandikwa kwenye ripoti yoyote ya kosa.

Baadaye nilihudumu Malindi, Mombasa na Garisa, chini ya wasimamizi wapole na wakali. Sasa nimestaafu, na vijana wenye karakana huniletea mashine zilizoharibiwa na wenye mashine, wakiwatukana. Nawaambia wasianze na spana. Waanze kwa kumuuliza mwenye mashine alikuwa anaikinga na nini. Bwana Shee alilinda uwanja ule hadi alipozeeka na kustaafu kwa hiari yake, na mimi nilirudi siku ya kumuaga, nikapiga makofi kuliko wote.