Chai ya Assam, Karatasi Kumi na Moja

Afadhali niseme mwenyewe: mimi ndiye yule aliyewafundisha watoto wa wakulima wa chai kwamba chai hulimwa Assam. Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nimechekwa kwa jambo hili miaka mingi na nimechoka, na hata kulisimulia kunanichosha, ila wengine wakilisimulia wanaliongezea chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kutia huruma (sitayataja), na tangu hapo kazi yangu ilikuwa kutafuta kazi. Nimeenda Kisii, nimeenda Kisumu, nimeenda mpaka Kericho, kila mahali naambiwa tutakuandikia, na hakuna aliyeandika. Nikirudi nyumbani tata, yaani baba yangu, haulizi kitu, ananitazama viatu tu vilivyojaa vumbi kisha anashika kikapu chake anaingia kwenye chai. Ningependa angeuliza.

Ndipo likatoka tangazo kwamba kiwanda kimoja cha chai upande wetu wa Itumbe kinataka makarani, na kwamba kutakuwa na mtihani wa maarifa ya jumla. Maarifa ya jumla ni kitu gani, hakuna aliyejua. Wiki hiyo hiyo nikatumwa sukari mjini Kisii, na Mhindi mmoja mwenye duka alikuwa anafunga biashara ahamie kwa watoto wake, kwa hiyo watu alikuwa anawafungia bidhaa kwa karatasi yoyote iliyobaki kabatini. Sukari yangu akaifunga kwa ukurasa wa maswali na majibu. Nikausoma hapo hapo nimesimama: nani alijenga Taj Mahal, mto gani ni mrefu kuliko yote, mji mkuu wa Mongolia unaitwaje. Nikauliza kitabu chenyewe kiko wapi. Akasema kilikuwa cha mwanawe, alikisoma zamani kule Bombay akitafuta kazi ya reli, chukua tu, panya watakimaliza. Kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, nusu yake historia ya India na nusu jiografia ya dunia.

Mpaka hapo sikuwa na kosa. Kosa lilikuja siku ya pili, tata aliponikuta nimeketi kwenye migomba nasoma wakati wenzangu wote wanachuma, akauliza hizo ni karatasi gani. Sasa ningemwambia nini, kwamba ni karatasi za kufungia sukari? Nilikuwa nimechoka kuonekana mtu bure. Nikasema, "Ni kitabu cha mtihani, tata. Nimepewa na karani wa kiwandani."

Basi, ni hayo tu niliyosema.

Sabato ilipofika, tata alikitangaza kitabu hicho kanisani (mtu ambaye hata kutoa ushuhuda alikuwa anasukumwa), na Jumapili asubuhi nikatoka nje nikakuta vijana tisa uani na daftari zao, wamekaa wakinisubiri. Ningeweza kuwarudisha makwao. Mmoja wao akaniamkia kwa Kikisii, "Mwalimu, bwakire," na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita mwalimu. Nikaleta kiti.

Tulisoma wiki tatu, kila alasiri isipokuwa Ijumaa na Sabato. Nauliza mfalme Babur alishinda vita wapi, wanajibu pamoja Panipat. Nauliza mahali gani mvua hunyesha kupita kiasi, wanajibu Cherrapunji, na huku sisi tumeloweshwa na mvua ya Kisii. Mama yangu, ambaye hakusoma hata darasa la kwanza, alikuwa jikoni akitusikia, na kufikia wiki ya pili alijua Akbar alikuwa mjukuu wa Babur na akamhurumia yule wa katikati, baba yake Akbar, kwa kutotajwa.

Wa kumi kuja alikuwa Nyakundi, mume wa dada yangu Kemunto, kutoka Gesima. Yeye hakuwa kama sisi, alikuwa na kazi yake kwenye mashine ya kupasua mbao karibu na mji, na msimamizi wake alikuwa amekataa kumpa ruhusa ya kuja kusoma. Kwetu mtu halali ovyo kwa wakwe zake, kwa hiyo ilimbidi atafute pa kulala kwa jirani. Kabla ya yote alinivuta kando ya boma, akaniuliza polepole.

"Shemeji, mimi nina watoto watatu. Hicho kitabu ndicho chenyewe?"

"Ndicho," nikasema.

Kesho yake akaenda kuacha kazi.

Kulikuwa na ukurasa mmoja wa chai. Ulisema sehemu zinazojulikana kwa chai ni Assam na Darjeeling, na kwamba majani huchumwa na wanawake wa milimani wanaobeba vikapu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, na kwamba njia ikiwa mbaya mzigo hubebwa na tembo. Nyakundi akainua mkono (vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, maana asubuhi alimsaidia jirani yule kuchuma), akauliza kama hatuwezi kuandika ya hapa kwetu, si tunaijua. Nami nikamjibu kama mwalimu kweli kweli, kwamba wenye mtihani wana majibu yao, na ukibadilisha hata neno moja umejiangusha mwenyewe. Wakakariri neno kwa neno, pamoja na tembo.

Siku ya mtihani tuliandika asubuhi. Maswali mengi yalikuwa ya hesabu na mizani, mimi jasho linanitoka, hakuna Babur, hakuna Mongolia, mpaka nikafika swali la mwisho lenye alama nyingi kuliko yote: eleza chai inalimwa wapi na majani hufikaje kiwandani. Nikainua kichwa. Wenzangu tisa nao walikuwa wameinua vichwa wananitazama wakitabasamu, na Nyakundi alikuwa anaandika tayari.

Alasiri matokeo yakasomwa uwanjani mbele ya mizani, na wakulima walikuwa wamejaa kwa sababu ilikuwa siku ya mkutano wao. Tata alikaa mbele na koti lake la kanisani. Msimamizi wa mtihani, bwana mmoja wa miwani, akasoma majina ya waliopita, na sisi hatukuwamo hata mmoja. Kisha akatoa karatasi kumi na moja, akatuita kwa majina, tukasimama mstari. Akasoma karatasi ya kwanza, akiwatafsiria wakulima kwa Kiswahili. Akasoma ya pili. Akasoma ya tatu. Alipofika kwenye tembo kwa mara ya tatu, mama mmoja aliyebeba kikapu chake mgongoni akauliza tembo wake amepelekwa wapi, maana yeye amejibebea mwenyewe kutoka bondeni, na uwanja mzima ukacheka.

Yule bwana hakucheka. Alisema tumeibiana majibu, kwamba majina yetu yataandikwa na hatutaajiriwa hapo wala katika kiwanda kingine. Kama ingekuwa hilo tu, ningenyamaza. Lakini tata akasimama.

"Bwana, hawa watoto si wezi. Kitabu kilitoka hapa hapa kwenu. Mwanangu alipewa na karani wenu."

Alisema kwa heshima, kofia mkononi. Alidhani ananisaidia. Yule bwana akawageukia makarani wanne waliosimama karibu na mizani, akauliza ni nani kati yao anayegawa mtihani, na mmoja wao, mzee wa kanisa letu, mtu aliyebakiza muda mfupi astaafu, akaweka kalamu yake chini. Tata akaniambia, "Mwonyeshe, Mogaka." Watu wote wakanitazama.

Nikasema hakuna karani. Nikasema nilikipata kwa Mhindi, alikuwa anafungia sukari. Bwana akauliza kitabu hicho ni cha nani, nikasema ni cha watu wa India wanaotafuta kazi kule kwao, na sauti yenyewe ilitoka nyembamba hata nikaambiwa nirudie, nikarudia. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Tata hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka kwa lango, na hakunitazama viatu wala uso.

Kwa kuwa hapakuwa na wizi, majina yetu hayakuandikwa, lakini kazi hakuna aliyepata.

Nilimsindikiza Nyakundi mpaka Gesima. Tulimkuta Kemunto anachambua maharagwe. Akauliza vipi, na mumewe akajibu mbele yangu kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Kumbe alikuwa ananifichia. Hilo lilinichoma kuliko kicheko chote cha uwanjani.

"Haukuwa mgumu," nikasema. "Nilimdanganya. Kitabu hakikuwa cha kiwanda, na nilijua."

Dada yangu hakunigombeza. Alimtazama mumewe, akamaliza maharagwe, akainuka akapika, akanipakulia kama mgeni yeyote, na nikala kwa sababu kukataa kungekuwa aibu ya pili. Sijawahi kula chakula kigumu vile kukimeza. Hapo hapo nikaapa sitampa tena mtu uhakika ambao mimi mwenyewe sina, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo, watu huniona mzito wa kujibu.

Kwenye mashine ya mbao walikuwa wameshaweka mwingine. Nyakundi alivunja kokoto barabarani mwaka mzima, na kila nilipopita hapo aliweka nyundo chini akanisalimia yeye kwanza, akaniuliza habari za nyumbani.