Vidonge vya Koku na Msimu wa Senene

Kila senene, wale panzi wa kuliwa, wanapotua huku Muleba, mwanangu, nacheka peke yangu, kisha naona aibu kidogo. Naikumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa na miaka kumi na saba na kujiona najua kila kitu.

Mdogo wangu Koku alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka uliotangulia aliugua: wiki nzima halali, anaongea bila kituo, anagombana na kila mtu, kisha akanyamaza, akawa analia tu migombani. Daktari wa Bukoba akampa vidonge vya kila jioni. Akapata nafuu, akarudi kunitania. Ila asubuhi alikuwa mzito kuamka, na senene sisi tuliwakamata alfajiri, umande ukiwa bado umewalowesha mabawa. Hakuna msichana aliyemshinda Koku kazi hiyo! Nami nilitaka kapu letu liwe la kwanza kujaa. Nikamwambia, "Umeshapona, achana na vidonge." Akaniamini, maana mimi ni dada yake.

Wiki ya kwanza alidamka kabla yangu, nikafurahi. Ya pili, usingizi ukamkimbia kabisa. Asubuhi hiyo mimi na mama tulimkuta kwenye shamba la kijiji analima peke yake, anaimba, viganja vinatoka damu, senene wetu wote kawagawa njiani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anampigia makofi.

"Huyu ndiye mjamaa wa kweli!"

"Waitu mwenyekiti, mwanangu anaumwa," mama akamjibu kwa heshima ya Kihaya. "Acha makofi, nisaidie kumshika."

Nikakiri palepale kwamba mimi ndiye niliyemwachisha vidonge. Mama hakunipiga. Alisema tu, "Umemnyang'anya mwenzio kicheko chake kwa ajili ya kapu." Tukampeleka kwa daktari, nami nililia njia nzima mpaka Bukoba.

Daktari akamrudishia dawa, akamwambia awe anameza jioni mapema zaidi, asiamke mzito. Msimu uliofuata Koku alichelewa kuamka kidogo tu, nikamtania, akacheka sana hata kifuniko cha kapu kikamponyoka na nusu ya senene wakaruka zao. Sijawahi kufurahia kapu lililopungua namna ile. Leo Koku ni bibi, na bado ananidai wale senene, ati mimi ndiye niliyemchekesha!

Kwa hiyo, mwanangu, ndugu yako akimeza dawa za namna hiyo, usimwachishe kwa kuwa unamwona mzima. Dawa ikimlemea, nendeni wote mkamweleze daktari. Na akichangamka kupita kiasi, usimpigie makofi kabla hujamuuliza kama amelala.

Mungu akujalie usingizi mtulivu, na ndugu wa kucheka naye mpaka meno yawaishe.