Msasa na Vidole vya Asubuhi

Siku ya kwanza kuonana na yule binti, alinikosesha faida. Alikuja na mama yake kutafuta meza ya kulia kwenye duka langu la samani zilizotumika. Mama mtu alikuwa ameshalegea, mkono uko ndani ya pochi, nami nimeshaanza kumsifia jicho lake. Binti akapitisha kiganja chini ya meza, akafumba macho, akasema, "Mama, mguu huu ulivunjika ukapachikwa. Gundi imeacha donge."

"Donge gani?" nikaruka. "Hiyo ni asili ya mbao."

"Mbao gani hiyo inayoota gundi, mama?"

Watu wawili waliokuwa wakikagua kabati wakacheka. Nikashusha bei, wakabeba meza yao. Kabla hawajavuka barabara nilimkimbilia yule binti nikamwuliza kama anatafuta kazi. Mwenye vidole vya namna ile akibaki mtaani atanifunga duka. Afadhali anifanyie mimi.

Nikambandika jina la Msasa, likamganda. Alikuwa na miaka ishirini na ushei, mwembamba, mdomo hauna breki. Kazi yake kwangu ilikuwa kuziba nyufa: anachanganya unga wa mbao na gundi, anajaza, anasugua, anapaka vanishi, hadi mimi niliyelinunua kabati bovu nasahau ubovu wake ulikuwa upande gani. Msinitazame vibaya. Samani kuukuu haziuziki na makovu yake.

Mwaka wa pili akaanza kuchelewa. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa karakana ya nyuma, na wapakaji rangi wangu wawili walikuwa wakimngojea nje wakipiga soga kwa gharama yangu. Nikaamua kuwahi siku moja nimkomeshe. Nikamkuta amechuchumaa mlangoni, kufuli kalibana kwa viganja viwili, ufunguo anauzungusha kwa meno.

"Kufuli limeshika kutu, Mama Samani," akasema.

Nikatia mafuta. Kesho yake hadithi ile ile. Nikamnyang'anya ufunguo nikajaribu mwenyewe, likafunguka kwa vidole viwili.

"Basi kutu iko kwako," nikamwambia.

Akacheka, akaiingiza mikono ndani ya aproni.

Kuanzia hapo nikawa namchunguza kama ninavyochunguza mzigo kabla ya kuulipia. Asubuhi chai anainywa kwa kushika kikombe kwa viganja, kama mtoto. Karatasi ya msasa anaisukuma kwa kisigino cha mkono. Ikifika mchana vidole vinalegea, na jioni ungeapa hana lolote. Wale wapakaji wakawa wanamwamkia "Shikamoo, bibi!" naye anaitikia "Marahaba, wajukuu, nileteeni maji," kila mtu anacheka. Maji yenyewe yalikuwa ya moto, ya kuloweka mikono.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Mama yake alikuwa mfanya usafi kwenye jengo la maofisi. Anatoka alfajiri binti yuko kitandani, anarudi jioni anamkuta anabofya simu. "Huu ni uvivu tu, dada," aliniambia nilipompigia. "Mimi kwa umri huu napiga deki ghorofa nne. Yeye hata shuka hakunji! Mume gani atamvumilia?"

Msasa alikuwa ameshazunguka kwa waganga wa zahanati. Mmoja alimwambia ni uchovu wa kazi, apumzike. Mwingine akamkataza nyama. Kilichobadilika ni mashavu tu, yaliingia ndani. Wa tatu akamwuliza kama ameachwa na mchumba. Mwenye duka la dawa, ambaye hakuuliza kitu, alimuuzia vidonge vyeupe ndani ya karatasi isiyo na jina, na hivyo ndivyo vilivyomfaa. Akimeza, kwa saa kadhaa anakuwa mzima.

Mimi nilitaka kujua jambo moja: je, vidole vile vinarudi au nitafute fundi mwingine? Yeye alitaka kulijua hilo hilo, ila hakuthubutu kuliuliza kwa sauti. Tukapata nafasi kwa daktari wa viungo kwenye hospitali kubwa, nami nikafunga duka nimsindikize. Nilishapoteza siku nyingi kwa kufuli lile. Moja zaidi haikuniumiza.

Akaja amependeza. Gauni limepigwa pasi, viatu vya kamba, nywele kazibana vizuri. Tukangoja kwenye benchi hadi mchana. Kuingia ndani, daktari, mwanamke mtaratibu wa miwani minene, akanyoosha mkono.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo, daktari." Akaushika ule mkono akaubana sawasawa.

"Unaendeleaje?"

"Vizuri tu, namshukuru Mungu. Maumivu ni kidogo kidogo."

Daktari akaminya vidole, akakunja kiwiko, hakuona uvimbe wa maana. Akaanza kuandika dawa ya maumivu. Hapo nikajiona mimi pale dukani, na mteja anatoa hela kwa kabati bovu lililong'aa. Tofauti ni kwamba safari hii hasara ilikuwa ya muuzaji.

"Daktari, samahani," nikasema. "Umeuziwa. Huyu kazi yake ni kuficha nyufa, na anaijua. Ukimuuliza hujambo, atakwambia sijambo hata akiwa kwenye jeneza. Muulize habari za kufuli."

"Kufuli gani?"

Msasa akanigeukia. "Mama Samani, mbona unanivua nguo mbele za watu?"

"Ndicho kilichokuleta hapa. Mwambie."

Akaiweka mikono juu ya meza. Kisha akaeleza polepole: kufuli, meno, shuka, vifungo, maji ya moto. Daktari akaweka kalamu chini.

"Leo umemeza nini?"

Akatoa ile karatasi ya vidonge kwenye mkoba. Daktari akaigeuzageuza.

"Hivi unavimeza kila siku?"

"Hapana. Siku nikiwa na safari. Au nikija kwa daktari."

"Yaani kila daktari aliyekuona, ulikuwa umemeza kwanza?"

"Ningefikaje, daktari? Bila hivi hata gauni sivai."

Daktari akavua miwani, akaifuta. Akamwambia arudi wiki inayofuata, asubuhi mapema, bila kumeza kitu cha karatasi ile. "Njoo kama ulivyoamka," akasema. "Nywele ziache."

Siku hiyo mama yake aliomba ruhusa kazini. Niliwakuta getini. Binti ana kanga na kandambili, vifundo vya mikono vimejaa, vinang'aa. Mama mtu alikuwa na macho mekundu. "Nimemfunga vifungo mwenyewe, dada," akaniambia. "Kama nilivyomfunga akiwa chekechea. Na mimi nilikuwa namwita mvivu."

"Basi leo usimwite kitu," nikamwambia. "Mshike mkono, taratibu."

Damu ikatolewa, picha zikapigwa, majibu yakaja. Ni baridi yabisi, aina ile ambayo walinzi wa mwili wanageuka kuvamia viungo vya mwenye nyumba, na haingoji uzee. Kuna dawa ya kumeza kila wiki, na damu itapimwa mara kwa mara. Haiponi, inazuiwa. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshapinda na havitanyooka.

"Ningekuona hivi mapema," daktari alisema, "huenda vingepona hivyo viwili."

"Walioniona mapema waliona vanishi," Msasa akajibu.

Kazi ya kusugua imemshinda, nikatafuta kijana mwingine, hamfikii hata robo. Sasa Msasa natembea naye kununua mizigo. Anapitisha kiganja, anafumba macho, na wauzaji wananichukia. Hapo nimepata. Nilipopoteza ni dukani kwangu: mteja akiuliza, "Hili zima?" anajibu palepale, "Mlango wa kushoto ulipasuka, mama, umezibwa." Nilimfokea mara moja. Akaniambia kuficha kumemla vidole viwili, hivyo vilivyobaki hataviweka rehani kwa kabati langu. Nikashusha bei.

Ziko asubuhi ambazo dawa inazidiwa. Zamani angenipigia kusema, "Niko njiani." Siku hizi anasema, "Leo vidole vimekataa," anakata simu, nami nafungua karakana mwenyewe.