Paipu ya Shaba ya Mtani Wangu

Mtani wangu alikuja gereji kwangu Msamala asubuhi, ameshika paipu mpya ya shaba inayong'aa. Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Mla mbwa, amka!" Hiyo ndiyo salamu yake miaka yote. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, mwalimu mstaafu wa Matogoro. Babu zetu walichinjana, kwa hiyo sisi tunatukanana na hakuna anayeruhusiwa kununa.

"Shikamoo, mtumwa wangu," nikamjibu. Mama wa watu akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

Gari lenyewe lilikuwa dogo la zamani, rangi ya maziwa, alilolinunua ujanani. Paipu ya breki, ile ya chuma inayopita chini ya sakafu kupeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, ilikuwa imeliwa na kutu. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia tuagize Dar, ama ya chuma, ama ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Inakuja na basi, siku nne au tano tu. Wapi! Yeye kaenda kwa fundi friji kachukua ya friji. Inakunjika kwa mkono, haishiki kutu, na ipo leo leo. Tena akatangaza mbele ya mafundi wote kwamba habari za Dar ni uongo, Mhehe ni mwizi tu, amezoea kuibia wazee.

Ilinichoma, maana safari hiyo sikuona kama anatania.

Nikaipinda ile paipu mbele ya macho yake. "Sikiliza, Mngoni. Hii ni shaba tupu. Gari likitikisika kila siku inakakamaa, halafu inapasuka. Na gari lako hili breki zote ni njia moja. Ikipasuka sehemu moja, umekwisha. Nitakuja msibani kwako nile kuku, na mjane nimchukue."

Gereji nzima iliangua kicheko. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Mkewe akasema hamtaki Mhehe, ananuka grisi.

"Funga hiyo, maneno mengi ya nini!" akasema mzee.

Ningeweza kuweka spana chini. Ningeweza kumvuta pembeni nikamwambia, mwalimu, utani tuuache hapa, sasa nazungumza kama fundi. Sikufanya. Nilifunga, na nilifunga vizuri: midomo ya paipu nikaipanua sawasawa, nikatoa upepo, pedali ikawa ngumu. Moyoni nilijua haitadumu. Nilijiambia itaanza kuvuja kidogo kidogo, pedali italegea, naye atarudi amenywea mbele ya mafundi walewale, nami nimcheke vizuri. Hilo ndilo nililolitaka. Ilikuwa roho mbaya, sina jina lingine la kuipa.

Haikuvuja. Ilipasuka mara moja, miezi miwili baadaye, Jumapili asubuhi, wakishuka kutoka Matogoro kwenda misa ya kwanza. Pedali ilizama hadi sakafuni. Breki ya mkono ilikuwa pambo tu, na hilo pia nililijua. Gari liliacha njia kwenye kona likagonga mti, upande wa mama. Mzee alivunjika mkono. Mama alifika hospitali ameshakata roho.

Gari waliliburuta hadi kwangu, maana mimi ndiye fundi wake. Nikaingia chini. Ufa ulikuwa mwembamba, ukucha hauingii. Nililala pale chini kwenye mafuta, nikashindwa kutoka.

Msiba wa Mngoni bila mtani haujakamilika. Sisi ndio tunaochimba kaburi, tunaomwigiza marehemu alivyotembea na alivyogomba, tunaozuia jeneza hadi tupewe chochote. Wafiwa wanacheka huku wanalia, na ndiyo dawa yao. Nisingeweza kutokwenda. Nikaenda na jembe begani, na akina mama waliponiona tu wakaanza kusema, "Mtani kaja, mtani kaja!" Walikuwa wananisubiri.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa plasta. Nikapiga goti.

"Siku ile," akasema, "ulikuwa unatania, au ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema nilikuwa natania. Mtani husamehewa kila kitu.

"Nilikuwa najua, mwalimu."

Akatikisa kichwa. Hakupandisha sauti, na laiti angenitukana.

"Pole na safari, fundi," akasema. "Wageni wanakaa kule, chini ya turubai."

Mbena mmoja alinipokea jembe, naye ni mtani wao. Nikaenda nikakaa na wageni kwenye kiti cha plastiki. Baada ya muda nikasikia wafiwa wanacheka huko ndani, na mhudumu akaniletea chai, akaniuliza kwa adabu kama marehemu nilikuwa namfahamu.