Risasi Zilizosuguliwa kwa Tupa

Kaka yangu mkubwa alikuwa polisi wa akiba chini ya Laare, kule mashamba ya miraa yanakoishia na malisho yanakoanza. Serikali ilimpa bunduki kuukuu na risasi za kuwafukuzia wezi wa ng'ombe. Mshahara haikumpa. Mwaka ule wa ukame, mahindi yalipokauka yakiwa hayajapita magoti, alianza kuitumia bunduki ile kutafuta nyama.

Kila mtu alijua ni kosa, na kila aliyeletewa nyama alikula. Mimi pia nilikula.

Shida yake ilikuwa risasi zenyewe. Alisema zimetengenezewa vita: risasi inampenya swara, inatokea upande wa pili, naye anakimbia kwenda kufia vichakani, akaliwa na fisi. Kwa hiyo akachukua tupa ya kunolea panga, akawa anazisugua ncha ili zikimpiga mnyama zipanuke ndani. Nilimkuta akifanya hivyo siku moja nilipotoka Makutano, pale Meru mjini, ambako nina kibanda cha kushona nguo, kuja kumwona mama. Alikuwa amekaa nyuma ya jikoni, vumbi la shaba limemjaa kwenye suruali.

"Hiyo si itakulipukia?"

"Itanilipukiaje? Baruti iko nyuma, mimi nasugua mbele."

Yeye ndiye aliyefunzwa bunduki. Nikaingia ndani kumsaidia mama kuchambua njahi, yale maharagwe meusi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na jirani yetu, aliyekuwa naye porini. Kaka alifyatua, mlio ukatoka mzito, wa ajabu, na swara akabaki amesimama. Kaka akadhani amemkosa. Akafyatua tena upesi kabla mnyama hajakimbia. Baadaye, mahakamani, mtaalamu wa silaha alieleza: ile risasi ya kwanza, kwa kuwa ncha yake ilikuwa imesuguliwa, ilipasuka ndani ya mtutu. Kiini chake cha madini ya risasi kikatoka, ganda la shaba likakwama. Ya pili ikaligonga hapo. Bunduki yote ikapasuka mbele ya uso wa kaka.

Jirani alimfunga uso kwa shati lake, akampakia kwenye bodaboda hadi barabarani, kisha gari la miraa likawaleta Meru mjini. Nilipofika hospitalini, jirani alinivuta kando.

"Tumesema ni mtungi wa gesi. Na wewe useme hivyo hivyo."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alimwinamia kaka, akamtazama kwa muda.

"Gesi ilikulipukia ukiwa wapi?"

"Jikoni," kaka akajibu, mdomo umejaa damu.

"Na mbona nyusi hazijaungua?" Akanigeukia. "Wewe ni nani wake?"

"Ni dada yake."

"Basi niambie, dada. Nikijua kitu kilichomwingia, nitajua pa kukitafuta."

Kaka alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu alivyobaki navyo mkono mmoja, akanibana mpaka nikaumia.

"Ni bunduki, daktari," nikasema. "Imempasukia."

Akaniachilia.

Eksrei ilionyesha kipande cha chuma ndani ya jicho la kulia na kingine shingoni, kando ya mshipa mkubwa. Walimpasua mara moja. Jicho halikuokolewa. Kuhusu kile cha shingoni, daktari aliniambia tu kwamba kingesogea kidogo, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Neno hilo la bunduki likawafikia polisi, wakafika kabla hajaamka. Alifungwa kwa kuwinda na kwa kutumia vibaya silaha ya serikali. Hakuna aliyepewa bunduki badala yake, na habari hizo ziliwafikia wezi. Walikuja mchana kweupe, wakaswaga ng'ombe wa kijiji kizima, wa mama wakiwemo. Jirani yule aliwafuata na panga. Walimpiga risasi kwenye mto mkavu.

Katika mazishi yake wanawake walinipisha kwenye benchi, kisha hakuna aliyekaa tena karibu nami. Mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa Kimeru, kama sikuweza kumnong'oneza daktari.

Kaka alipotoka jela alikuja kibandani kwangu, bila kunipigia simu. Alikuwa amekonda, shati linampwaya.

"Nishonee suruali ya mpira kiunoni," alisema. "Vifungo vimenishinda."

Nikachukua futi, nikamzungushia kiunoni.

"Siku ile hospitalini..." nikaanza.

"Wewe pima."

Nikapima. Alingoja amekaa kwenye stuli mpaka nikamaliza kushona, akaikunja suruali, akaiweka kwapani. Pale mlangoni alitoka bila kugeuza kichwa, na bodaboda iliyotokea kulia, upande asioona, ikampigia honi kwa nguvu. Alishtuka, akashika ukuta, akasimama hapo muda mrefu kabla ya kuvuka.