Udongo wa Juu wa Nyanchama

Wifi yangu Nyanchama, mjane wa kaka yangu Mogaka, alikuwa hajui kusema hapana. Nimemgombeza kwa hilo mpaka koo limenikauka.

Shamba lake liko juu ya kilima, mbele kidogo ya soko la Ekerenyo. Chini ya majani chai kuna changarawe. Kampuni ya barabara ilipoitaka, alikubali kwa sharti moja: wasiguse nyumba wala kaburi la Mogaka lililo kando yake. Injinia wao, Duncan, alikaa jikoni akatueleza mpango wote. Wangechimba kwa vidato kama ngazi, wakianzia juu. Udongo mweusi wa juu wangeurundika pembeni, na kazi ikiisha wangeurudisha uegemeze ukuta wa shimo chini ya nyumba, kisha wapande nyasi kabla ya masika.

"Mama, huo udongo usiguswe," alimwambia. "Ndio utakaoshika kilima."

Wifi aliitikia. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Walipomaliza kuchimba changarawe, rundo likiwa bado pembeni, wa kwanza kuja na toroli alikuwa Nehemiah, mzee wa kanisa letu. Alitaka udongo kidogo tu, wa kujaza mifuko ya miche ya chai. Akafuata Gesare kwa ajili ya migomba yake, kisha kijiji kizima. Nilimwuliza wifi kama amerogwa.

"Hawa ndio waliomchimbia Mogaka kaburi, tena kwenye mvua," akanijibu. "Niwanyime udongo?"

Kwetu majirani ndio huchimba kaburi, na hawadai kitu. Nikaenda zangu nimenuna.

Duncan aliporudi na tingatinga alikuta rundo limeisha, pamebaki nyayo tu. Alisema ataomba udongo mwingine kwa wakubwa wake. Hatukumwona tena. Mvua ikaanza.

Ufa ulitokea kwenye kona ya jiko, mwembamba wa kuingiza kisu. Baadaye mkono ulizama. Ukazunguka nyuma ya nyumba, ukaelekea kaburini. Nilimsihi wifi ahamie kwangu bondeni, akasema hamwachi Mogaka peke yake. Niliogopa, na nilimkasirikia kwa kuniogopesha hivyo.

Jana asubuhi saruji ya kaburi ilikuwa imeinama upande wa shimo. Wifi hakulia. Alinituma niwaite majirani, waje na majembe.

Walikuja wote, macho chini. Nehemiah akasema kila nyumba itarudisha udongo iliobeba.

"Huo udongo umeshaotesha chai, mzee," wifi akamwambia. "Sikuwaitia udongo. Mtoeni Mogaka mumpeleke kwa dada yake Persis, kabla shimo halijamchukua."

Persis ndiye mimi. Kwetu kumfukua mtu ni jambo la kutisha, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Wanaume walisimama tu. Tulisikia mawe yakiporomoka chini yetu. Niliwatolea maneno ambayo siwezi kuyarudia kanisani, lakini hakuna aliyesogea.

Wifi akafunga leso kiunoni, akachukua jembe mkononi mwa Nehemiah. Mwanamke kwetu hachimbi kaburi, na wote walilijua hilo.

"Mama, tungoje mchungaji," Nehemiah akasema.

"Hapana," wifi akajibu, akapiga jembe la kwanza.